Ua Lisilojazwa Lumbesa

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza nakujibu: ndiyo, nalima maua. Silimi kabichi, wala karoti, wala hoho kama watu wa kwetu Lushoto. Nalima dalia. Na kama wewe ni mtu wa mwambao, najua jina hilo limekuchanganya, maana kwa mabibi zetu wa Tanga na Unguja dalia si ua, ni ule unga wa manjano unaonukia ambao wanawake hujipaka mwilini. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Tanga mjini ambaye ameuza asumini tangu ujana wake, nilipompigia simu kumpa habari hii alicheka mpaka akakohoa. "Dalia hailimwi, we mtoto! Dalia inasagwa!"

Basi ziko dalia mbili. Ya Bibi inanukia hadi mtaa wa pili. Yangu haina harufu ya maana. Unaweza kuzamisha pua katikati ya ua lenye upana wa sahani ya wali ukatoka na chavua tu puani. Huo ni upungufu wa kwanza. Wa pili, haliuzwi kwa gunia wala halishibishi familia. Wa tatu, halipendi safari. Ukishalikata linaishi siku nne, tano, likikupenda sana sita, na ukilibana kidogo petali zake zinaota madoa ya kahawia kama ndizi iliyopigwa. Ua lisilonukia, lisiloshibisha, lisilosafiri. Sasa mtu mwenye akili zake, aliyefika kidato cha sita, analilima la nini?

Swali hilo si langu. Ni la baba yangu. Nimeamua kulijibu hapa, kwa maandishi, kwa sababu uso kwa uso nimepata kulijibu nusu tu.

Miaka miwili nilikuwa Dar es Salaam, nikiuza vitambaa katika duka moja la Kariakoo. Tajiri alipofunga duka, washikaji zangu waliniambia nikomae mjini, kitu kitapatikana. Mimi nikapanda basi. Mpaka leo wananitumia ujumbe: "Vipi, umefulia? Unakula kabichi tu huko?" Siwajibu vibaya. Ukweli ni kwamba kabichi tunakula sana.

Shamba la Baba ni la mteremko, limekatwa ngazi sita kama mashamba mengi ya Usambara. Ngazi ya chini kabisa inapakana na kijito. Hapo udongo ni mweusi, laini, na asubuhi jua linaingia mapema. Niliitamani ngazi hiyo kwa jicho ambalo wenzangu hutamania viatu. Nikamwendea Baba baada ya chakula cha usiku, nikapiga goti, nikaomba.

"Ya kulima nini?"

"Maua, Baba."

Akanyamaza. Mama naye akaanza kukusanya vyombo ambavyo vilikuwa vimeshakusanywa.

"Ngazi ile ni ya kaka yako," akasema mwisho. "Akioa atajenga juu na kulima chini. Wewe utaolewa, mwanangu. Utakwenda kulima kwa watu."

Sikulia. Nikamwambia kaka hajaoa, na ardhi haisubiri mtu huku imekaa bure. Tukaja kupatana hivi: nipewe msimu mmoja, tangu mwezi wa tisa hadi masika yaanze. Ngazi ile ikinipa fedha sawa na kabichi zilizotoka pale mwaka uliotangulia, tutazungumza tena. Ikipungua, jembe narudisha. Baba akanitajia hesabu ya kabichi hadi senti ya mwisho. Mtu aliyedhulumiwa huwa hasahau hesabu.

Na hapa lazima nikueleze habari ya lumbesa, wewe msomaji wa mjini ambaye kabichi unaikuta imeshakaa mezani. Mnunuzi anakuja na lori alfajiri, na magunia yake mwenyewe. Gunia likijaa hadi mdomoni, kwa mtu wa haki limejaa. Kwake bado. Anaongeza kabichi juu, anafunika kwa neti, anashona kwa kamba, gunia linavaa kofia. Wakati mwingine kofia inakaribia kuwa kubwa kuliko kichwa. Bei lakini ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, ila sheria hiyo haiamki alfajiri kuja kusimama kando ya barabara yetu. Ukikataa, lori linawasha moto linakwenda kwa jirani. Kabichi iliyokwisha kukatwa haina subira. Baba amevalisha magunia kofia maisha yake yote.

Mbegu nilizipata kwa mama mmoja mzee, jirani yetu, ambaye ujanani alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya misheni. Alinichimbulia mashada kumi na moja ya viazi. Mekundu, ya zambarau, ya manjano, na meupe yenye ncha za waridi. Nikamwuliza haya maua yalitoka wapi. Akasema, "Yalikuwepo." Kwake historia inaanzia hapo.

Mimi nikatafuta zaidi. Dalia ni mwenyeji wa nyanda za juu za Meksiko, nchi ya milima kama yetu. Wenyeji walilijua zamani kabla meli za Ulaya hazijafika. Mwishoni mwa karne ya 18 mbegu zilipelekwa kwenye bustani ya mfalme kule Madrid, na mwaka 1791 padri mmoja mtaalamu wa mimea, Antonio José Cavanilles, akalipa jina la Anders Dahl, Mswidi aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Dahl huyo hakulilima wala hakulivumbua, ila jina ni lake mpaka kesho. Wameksiko wenyewe walilitangaza kuwa ua la taifa lao mwaka 1963.

Nilipoyasoma hayo nikakumbuka kisa cha pili, cha huku kwetu. Katika misitu hii ya Usambara, kwenye miamba yenye unyevu, huota kimmea kidogo chenye maua ya urujuani. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani, ofisa mmoja wa serikali yao, Walter von Saint Paul-Illaire, alikituma kwao. Mwaka 1893 kikapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Leo kiko madirishani Ulaya na Marekani, kwenye vyungu vidogo, na wanaokimwagilia wengi wao hawajui Lushoto iko upande gani wa dunia. Wataalamu wa siku hizi wamekihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, hivyo hata huyo Mjerumani jina linamponyoka. Kwa hiyo ua la mlimani kwetu liliondoka likapewa jina la mgeni, na ua la mlimani kwa Wameksiko likaja kwetu na jina la mgeni mwingine. Mimi nalima la pili ili nile. Niliona kidogo tumelingana.

Kulima kwenyewe si uchawi. Kiazi cha dalia kinafanana na kiazi kitamu, lakini usidanganyike: kiazi mviringo kinachipua popote penye jicho, dalia inachipua shingoni tu, pale kiazi kinaposhikana na shina la zamani. Ukikata kiazi kinono bila kipande cha shingo umepata kitu cha kuozea ardhini. Nilimwona mama jirani akikata taratibu, kisu akikipitisha motoni kila anapohama shada, maana dalia ina ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka, nao hausikii dawa. Mmea ukiupata unang'olewa unachomwa, hata kama ndio uliokuwa ukiupenda.

Shimo ni la kina cha kiganja na kidogo, nafasi kati ya mmea na mmea hatua moja fupi. Kijiti cha kuegemea kinachomekwa siku hiyo hiyo, kabla kiazi hakijafunikwa, ili baadaye usije ukakichoma bila kujua. Halafu humwagilii. Hapo ndipo wengi hushindwa. Mkono unawasha, unataka kumwagia maji, na kiazi kisicho na majani kinaozea kwenye maji hayo. Unasubiri chipukizi. Zikifika ngazi tatu au nne za majani unakata kilele. Siku hiyo Baba alipita akaniona nikikata vichwa vya miche iliyokuwa ikienda vizuri kabisa, akatikisa kichwa akaenda zake. Lakini mmea uliokatwa kilele unatoa matawi, na kila tawi linaleta ua. Matumba nayo yanakuja matatu matatu. Ukitaka ua kubwa lenye kikonyo kirefu unaondoa mawili ya pembeni unaacha la kati. Konokono wanakuja usiku, vidukari wanakuja mchana. Usiku nilitoka na tochi, mchana nilitoka na maji ya sabuni.

Ulaya baridi ikianguka dalia inakufa juu, nao huchimba viazi wakavihifadhi ndani hadi baridi ipite. Sisi barafu hatuna. Adui yetu ni masika, mvua ile ya mfululizo inayogeuza udongo kuwa uji. Kwa hiyo mwezi wa tatu unachimba, unakausha kivulini, unalaza kwenye boksi la maranda ya mbao. Vuli ikikaribia unapanda tena. Ukihesabu hivyo, maua yanafunguka mwezi wa kumi na mbili, msimu wa harusi na sikukuu. Sikuipanga mimi, imejipanga yenyewe, ila nilipomweleza Baba nilijitia kama niliipanga.

Desemba ngazi ya chini ikawaka. Sijui niseme nini tena. Watu waliokuwa wakipita njia ya juu kwenda sokoni walisimama. Watoto wa shule waliomba moja moja. Nyumba moja ya wageni ikaanza kuchukua ndoo kila Ijumaa, kisha kwaya ya kanisa, kisha mwalimu mmoja aliyekuwa na mahafali. Shilingi mia tano kwa ua, nikihesabu moja, mbili, tatu mbele ya macho ya mnunuzi, nikiandika kwenye daftari lile lile ninaloandikia mashairi. Dalia inakatwa alfajiri, ikiwa imefunguka, kwa sababu tumba la dalia likikatwa bichi halifunguki tena kama waridi. Nyuma ya ua ndiko kwa kutazama: petali za nyuma zikianza kulegea, limepita. Shina lake ni bomba tupu ndani. Wakulima wengine huzamisha miguu ya maua kwenye maji ya moto, yasiyochemka, wakayaacha yapoe nayo humo humo kwa saa nzima. Nilijaribu, nikapata siku moja zaidi. Siku moja kwa ua la siku tano ni kitu kikubwa.

Halafu ikaja harusi ya Tanga. Binti ya Mjomba alikuwa anaolewa, na Mama akaniahidia watu maua kabla ya kuniuliza. Nikakata tisini, nikayapanga kwenye ndoo tatu zenye maji kidogo, nikayavika magazeti shingoni, nikalipa nauli ya ndoo kama ya watu. Tukateremka vizuri hadi chini ya Soni. Hapo kwenye kona lori lilikuwa limelala barabarani. Hakufa mtu, tumshukuru Mungu, ila barabara ilifungwa saa tatu. Lilikuwa lori la kabichi. Magunia yalikuwa yamevaa kofia kubwa kweli kweli, na utingo alikuwa akisema kwa sauti kwamba uzito ndio ulioliangusha. Nikakaa kwenye jiwe na ndoo zangu kwenye kivuli changu mwenyewe, maana kingine hakikuwepo.

Tulipofika Mombo joto likatupokea kama mdomo wa tanuri. Korogwe, Segera, Muheza. Sikutazama tena ndani ya ndoo. Tanga nikahesabu: yaliyo salama hamsini na nane.

Bibi alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, sinia la asumini mbele yake, anatunga vikuba. Nikamwamkia. "Marahaba, mke mwenzangu," akasema, ndivyo anavyoniita. Akachukua dalia moja nyekundu, akainusa, akaigeuza, akainusa nyuma. "Ua zuri hili. Kama mtu mzuri asiye na salamu."

Nikamwambia nimepoteza thelathini na mbili njiani na meza ni kumi na mbili. Sauti yangu haikuwa nzuri. Bibi hakunipa pole. Akaniuliza nilitaka kuyapanga vipi. Nikasema kwenye vyombo virefu, mengi mengi, kama picha nilizoziona kwenye simu. Akasema, "Harusi hii watu wanakaa chini au wanasimama?"

"Wanakaa, Bibi."

"Sasa ua refu la nini? Wazibane wasionane?"

Tukatafuta mabakuli mapana ya nyumbani na kwa jirani. Nikakunja waya wa banda la kuku kama mpira nikauweka ndani ya kila bakuli. Waya huo unashika mashina vizuri, unaoshwa na kutumika tena, si kama ile sponji ya kijani ya madukani ambayo ni plastiki na haiozi. Dalia nne kila bakuli, mezani pa bibi harusi kumi. Makubwa chini karibu na ukingo, madogo na matumba juu kidogo, nafasi baina ya ua na ua ili kila moja lionekane uso. Hapo Bibi akaanza kazi yake. Mrehani akachomeka katikati ya mashina. Asumini akazitunga nyuzi akazipitisha chini ya petali, hazionekani. Vipande vya mkadi akavificha ndani ya waya. "Jicho lako," akasema, "pua yangu."

Usiku ule kila aliyekaa aliinama kwenye bakuli. Nilimsikia mama mmoja aliyevaa dera la bluu akimwambia mwenzake, "Haya maua mekundu ya Lushoto yananukia kama asumini, subhanallah." Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa akitazama dari.

Nimewaza sana habari ile. Sisi tumefundishwa kwamba biashara ya maua ni ndege. Mawaridi ya Arusha, mawaridi ya Naivasha, yanakatwa leo kesho yako Uholanzi. Ni kazi kubwa na inalisha watu wengi, sibezi. Lakini wakumbuka Machi 2020, wakati wa korona, ndege ziliposimama na wanunuzi wa Ulaya wakafunga milango: mashamba ya Kenya yalitupa mawaridi kwa marundo, na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Ua lilikuwa zima, halina ila, ila mwenye kulitaka alikuwa mbali. Dalia haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka. Mwenye kulitaka lazima awe karibu, tena leo. Linakulazimisha umjue mnunuzi wako, harusi yake ni ya kukaa au ya kusimama.

Na jambo la pili ndilo lililoniletea makubwa nyumbani. Dalia haijazwi lumbesa. Huwezi kuikanyagia ndani ya ndoo, huwezi kuivalisha kofia. Ukiongeza kumi juu umeharibu ishirini chini. Ua lenyewe linamlinda mwenye nalo. Atake asitake, mnunuzi anahesabu.

Baba aliliona hilo kabla sijamwambia. Januari lori lilikuja kuchukua kabichi za ngazi za juu. Mimi nilikuwa chini nakata maua ya nyumba ya wageni. Nikasikia ukimya, ukimya wa watu walioacha kufanya kazi. Nilipopanda nikamkuta Baba ameweka kiganja chake juu ya mdomo wa gunia.

"Limejaa," alikuwa anasema.

"Mzee, vipi leo? Si tunajuana?"

"Tunajuana. Limejaa."

Mnunuzi akacheka, akatazama vijana wake, akacheka tena. Kisha akaacha kucheka. Baba akanyoosha kidole kwangu, na ndoo yangu, na daftari. "Mtoto wangu anauza moja moja na watu wanalipa. Mimi mzazi wake nauzia kofia. Kwa nini?"

Swali hilo halikupata jibu. Lori likawasha moto. Kabichi zetu zilikaa siku tatu. Mama na mimi tukazipeleka sokoni Soni, tukauza rejareja chini ya bei, zilizobaki zikala ng'ombe. Usifikiri nakusimulia ushindi. Mwezi ule nyumbani kwetu tulikula bila nyama, na Mama hakusema na Baba siku mbili. "Maua yako," Baba akaniambia, "yamenivunjia biashara." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Mwisho wa msimu nikachimba viazi, nikafunga hesabu. Nikaweka daftari mbele yake, pamoja na nauli, ndoo, na maua yaliyokufa chini ya Soni. Baba alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Umepungukiwa elfu arobaini," akasema.

Nilikuwa naijua hesabu hiyo tangu juzi yake. Kabichi za mwaka uliotangulia zilinishinda kwa elfu arobaini. Mapatano ni mapatano. Nikaanza kusema kwamba jembe nalirudisha. Baba akainua mkono.

"Zangu zilikuwa magunia ishirini na mawili. Nimepiga hesabu ya zile kofia. Ishirini na mawili yalikuwa ishirini na manane." Akafunga daftari. "Wewe umepungukiwa, lakini hapa hakuna ua hata moja lililokwenda bure. Lima mpaka kaka yako atakapooa."

Ndugu msomaji, ningependa kukuachia hapo. Lakini wiki iliyopita kaka alipiga simu kutoka Dar. Amepata mchumba, mahari yamekubaliwa, ndoa ni Desemba. Nyumba ataanza kujenga mwaka ujao. Ngazi ya chini ni yake, kama ilivyosemwa tangu mwanzo, na mimi sina neno la kusema mbele ya wazee. Tena wifi mtarajiwa akaomba azungumze nami. Ameona kwenye simu picha za dalia moja iliyotoka Uholanzi mwaka 1967, iitwayo 'Café au Lait', yenye rangi ya chai ya maziwa, na mabibi harusi wa nchi za watu wanaililia. "Wifi, utanipatia?"

Hilo sina. Ila nina mche mmoja. Msimu uliopita niliacha vichwa viwili vikakauka nikapanda mbegu zake, kujaribu tu. Kiazi cha dalia kinazaa ua lile lile daima, lakini mbegu haifuati mama yake wala baba yake. Dalia ina seti nane za kromosomu, mimi na wewe tuna mbili, kwa hiyo kila mbegu ni karata zilizochanganywa upya. Katika miche ishirini mingi ilitoka ya ovyo, maua ya upande mmoja, vikonyo vinavyoinama. Mmoja ukatoa rangi ambayo sikuwahi kuiona kwetu: chai ya maziwa, iliyozidishwa maziwa kidogo. Hauna jina. Wifi amesema niuite kwa jina lake. Nimemwambia nitafikiri, maana habari za majina ya maua nazijua.

Sasa mashada yangu kumi na moja, baada ya kukatwa shingo kwa shingo, yamekuwa vipande arobaini na saba vyenye macho. Viko kwenye maboksi ya maranda chini ya kitanda ninachoandikia haya. Mwezi wa tisa nitavipanda ngazi ya chini kwa mara ya mwisho, ili Desemba nikate maua ya harusi inayokuja kuichukua ngazi hiyo. Bibi ameshaniambia atapanda mlima kwa mara ya kwanza maishani, na sinia lake la asumini. Baada ya hapo sijui. Mama jirani ana kiambaza kando ya nyumba yake, hatua kumi kwa sita, na amesema miguu yake imechoka kuinama. Baba alimsikia akisema. Jana nilimkuta anapima pale kwa kamba, na aliponiona akajifanya anatafuta kuku.